Mfuko huu wa mahindi ulitoka kwa nani?

Ingia leo kwa depo yoyote ya Bukavu, uliza mfuko wa mahindi ulitoka kwa mukulima gani. Watakujibu: «Ni ya Ruzizi», ao «ni ya Kalehe». Basi, inaishia hapo. Ju mahindi ya bakulima kumi yalichanganywa mbele ya kupakia kamiyo.

Ile tunaita trasabilite haiko kitu ya ajabu. Kila mtu kwa mnyororo ajue vitu viwili: alinunua kwa nani, na aliuzia nani. Njo Umoja wa Ulaya unaomba kwa sheria namba 178 ya 2002, kwa chakula cha watu na cha mifugo pia.

Sababu gani mifugo? Mwaka 1999 kule Ubelgiji, mafuta yenye PCB na dioksini yaliingia katika chakula cha kuku tangu mwezi wa kwanza. Raia walijua mwisho wa mwezi wa tano. Kuku na mayai yakaondolewa madukani nchi nzima, mawaziri wawili wakajiuzulu.

Kwetu hatari kubwa ni aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwa mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Kuipika hakuimalizi. Ngombe akiila, inapita mpaka kwa maziwa. Kenya, mwaka 2004, iliua watu 125.

Sasa kuku wako wakianza kufa, na mahindi ya provande yakionekana na sumu, utarudisha mfuko gani? Yote, ao hakuna. Na kuna hasara ingine: mukulima aliyekausha vizuri analipwa bei moja na yule aliyeanika chini wakati wa mvua. Kwa nini ajisumbue tena?

Hakuhitajiki kompyuta. Kaye moja inatosha: tarehe, jina, kijiji, kilo, namba ya loti, na mununuzi. Andika ile namba juu ya mfuko. Usichanganye loti. Chota kidogo kwa kila loti, uweke pakavu mpaka yote iuzwe na kuliwa.

Kaye haiondoi sumu. Lakini inaonyesha ilipoingilia, na inamupa mukulima muzuri jina lake. Wewe uliyesoma agro na bado unatafuta kazi, anza na depo ya mutaa wenu.