Huna ploti? Ada ya ardhi bado inakuhusu

Kila mwezi unatuma kodi ya keja kwa simu, basi. Ukisikia kuna kikao cha kujadili ada ya ardhi, unasema hiyo ni shughuli ya wazee wenye hatimiliki. Lakini mwenye nyumba hulipa ada hiyo kwa kaunti kila mwaka. Ikipanda, unadhani pengo atalizibia wapi?

Kipengele cha 209 cha Katiba kinaruhusu kaunti kutoza ada hiyo. Wathamini huandaa daftari la thamani ya kila ploti, kisha kaunti huamua itoze asilimia ngapi. Kabla ya 2023, Nairobi ilitoza asilimia 34, lakini ya thamani ya ardhi ya mwaka wa 1982! Sasa inatoza asilimia 0.115 ya thamani mpya, yaani Sh11,500 kwa ploti ya Sh10 milioni. Kwa hivyo usiangalie asilimia pekee. Inaweza kushuka na bado bili ikapanda.

Katika kaunti nyingi, kiwango huja ndani ya Mswada wa Fedha. Waziri wa fedha wa kaunti huuwasilisha, MCA huujadili na kuupitisha, gavana hutia saini. Kabla ya kupitishwa, lazima wananchi wasikizwe, na hili si pambo. Wakazi wa Kiambu walienda kortini wakisema hawakushirikishwa ipasavyo, na Aprili 2014 Mahakama Kuu ikafutilia mbali Sheria ya Fedha ya 2013 ya kaunti hiyo. Jaji George Odunga hakuridhishwa na tangazo la gazetini. Alitaka habari zifike makanisani, misikitini, barazani na kwenye redio za lugha za mama.

Shida ni kwamba vikao vingi huwa asubuhi ya siku ya kazi, wakati uko mbioni kutafuta riziki. Sawa, andika. Itisha nakala ya mswada kwa karani wa bunge la kaunti, ruka kurasa za mwanzo (zinachosha, hata mimi huziruka), nenda kwenye jedwali la ada na ulinganishe na la mwaka jana. Kisha mwandikie karani kabla ya siku ya mwisho, utaje kiwango unachopinga na unachotaka.

Na kama mzazi ana ploti mjini, muulize leo kama ameilipia. Bila cheti cha kuonyesha haina deni, hamtaweza kubadilisha jina.