Mchoraji wa mazungumzo aijue lugha kabla ya kushika kalamu

Kuna kazi ambayo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kuimulika. Mteja, aghalabu shirika, kampuni au serikali ya kaunti, humwalika mchoraji mkutanoni. Karatasi pana hubandikwa ukutani. Watu wanazungumza, naye anachora kwa mkono: nyuso, mishale, njia, pamoja na maneno machache ya kuunganisha picha hizo. Mkutano ukiisha, mazungumzo ya saa tatu yanaonekana kwa mtazamo mmoja. Kazi hii ilistawi California, Marekani, katika miaka ya 1970. David Sibbet, mmoja wa waasisi wake, alianzisha kampuni yake San Francisco mwaka wa 1977.

Sasa tuiiteje? 'Katuni' na 'kibonzo' hayafai. Mchora vibonzo kama Gado hutoa maoni yake mwenyewe. Hukejeli, hutania, hushtaki. Huyu wa mkutanoni hapaswi kuongeza lake. Kazi yake ni ya katibu, ila anatumia maumbo badala ya aya. Kwa kuwa Kiswahili tayari kina 'kumbukumbu' za mkutano, napendekeza 'kumbukumbu za michoro'. Istilahi hii inamkumbusha mchoraji kwamba anawajibikia yaliyosemwa.

Hapo ndipo ujuzi wa lugha unapohitajika. Chukulia mkutano wa ushirikishwaji wa umma kuhusu mradi wa maji. Mzee anasimama na kusema: "Sisi tumechoka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa." Katibu aliyezoea kuandika kwa Kiingereza atafasiri papo hapo, na kitakachosomwa baadaye ni kwamba wakazi wanahitaji uwazi zaidi. Si uongo, lakini lawama imegeuzwa ombi. Mzee hakuomba chochote. Alisema wamehadaiwa, tena si mara moja.

Mchoraji anayekijua Kiswahili ana nafasi ya kumzidi katibu huyo, maana nahau yenyewe ni picha. Mafuta yamo ndani ya chupa. Anayekupaka kwa mgongo wa chupa anakusugua kwa kioo kikavu, kisha anaondoka na mafuta yake yote. Chora chupa iliyojaa, ngozi iliyopauka na mkono unaosugua kwa bidii, na hata ambaye hakuhudhuria atauona ulaghai.

Hata hivyo, si kila nahau inachoreka hivyo. Mtu mwenye "mkono wa birika" akichorewa birika, msomaji atadhani wajumbe walikuwa wakinywa chai, kumbe waliulalamikia ubahili. "Kula njama" hakuna chakula, wala "kupiga kura" hakuna kipigo. Ndiyo maana nasema picha isiachwe peke yake. Waswahili wanalijua hili: kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Korosho zilizochorwa kwenye mji hupendeza macho, ila ujumbe ambao mvaaji anamtumia jirani yake umo katika jina.

Basi maneno ya mchoro yawe katika lugha gani? Katika ile iliyosemwa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Mzee akisema kwa Kiswahili halafu ukuta ujae Kiingereza, mchango wake umebadilishwa mbele ya macho yake, na huenda asiweze hata kuukagua. Nimeona michoro maridadi ya aina hiyo: wenyeji huipiga picha kwa simu, lakini hawaisomi.

Naam, mteja ndiye anayelipa. Anaweza kutaka chupa ifutwe, mahali pake pachorwe watu wawili wanaopeana mikono. Kinga yake ni rahisi. Kabla karatasi haijabanduliwa, mchoraji aieleze kila picha kwa sauti mbele ya waliosema, awaulize: "Nimewasikia sawa?" Wakikataa, arekebishe. Kumbukumbu za kawaida huthibitishwa katika mkutano unaofuata. Hizi za michoro zithibitishwe palepale, wenye maneno wakiwa bado wapo.