Tuuzishe pikipiki gani ili tupate nyumba yetu ya kwanza?

Ndugu wana-koperative wa Kasongo na Kabambare,

Mavuno ya mpunga yakiisha, ulizo hili linarudi katika mikutano. Jamaa iliyokuwa inapanga nyumba, ao inakaa kwa wakwe, imekusanya feza kidogo. Imeona parseli yenye nyumba ya matofali, lakini feza haifiki bei. Nyumbani kuko pikipiki mbili na kinga moja. Tuuzishe gani?

Wengi wanajibu mbio: «Ile ya bei kubwa, shida iishe mara moja.» Sisi wa timu ya kilimo tunasema: tupige hesabu kwanza. Pikipiki na kinga ni vyombo vya shamba kama vile jembe. Ukiuzisha kile kisichofaa kutoka, utalala chini ya mabati yako mwenyewe, na mpunga wako utabaki kijijini kwa kukosa mbebaji, ao utauzia mpita-njia kwa bei anayotaka yeye.

Maulizo manne kwa kila chombo

Chukueni buku, bwana na bibi pamoja, na kwa kila chombo muandike:

1. Kinaingiza nini kwa mwezi? Hesabuni feza ambayo dereva analeta, lakini pia feza ambayo mungelipa watu wengine kubeba mazao yenu.
2. Kinakula nini kwa mwezi? Mafuta ya injini, mnyororo, mipira, breki, fundi, asiransi na karatasi zingine, na ile inayobaki kwenye bariere. Mutu akisahau hii, anaona faida mahali hakuna.
3. Leo kinauzishwa bei gani, na kisha mwaka mmoja kitabaki na bei gani?
4. Kikitoka, nani atabeba gunia, na nani atapeleka mgonjwa hospitali usiku?

Mfano wa hesabu

Mfano huu tumeutunga sisi, si bei za soko. Tumeweka yote katika dola ili hesabu isichanganyike. Ninyi muweke bei zenu.

Nyumba ni dola 1 600. Jamaa iko na 1 000. Inakosa 600.

Pikipiki ya kwanza iko na miaka miwili. Inauzishwa 850. Dereva analeta 90 kwa mwezi, matengenezo na karatasi vinakula 40. Inabakisha 50.

Pikipiki ya pili imezeeka. Inauzishwa 450. Inabeba mazao ya nyumbani, kazi ambayo jamaa ingelipia 25 kwa mwezi. Lakini fundi na vipuri vinakula 30. Kila mwezi inapoteza 5.

Kinga inauzishwa 100. Inaokoa 15 kwa mwezi, inakula 3. Inabakisha 12.

Jamaa ikiuzisha pikipiki ya kwanza, inalipa nyumba yote na inabaki na 250 mkononi. Inaonekana vizuri. Lakini ile nzee inaendelea kula 30 kwa mwezi, ni kusema 360 kwa mwaka. Kisha mwaka zile 250 zimeisha, na kunakosa 110 juu yake.

Jamaa ikiuzisha pikipiki nzee, inapata 450. Kunabaki deni la 150. Pikipiki ya kwanza inaendelea kufanya kazi na kuleta 600 kwa mwaka. Toa 150 za deni, toa 300 za kulipa wabebaji (25 kila mwezi): kunabaki 150. Na pikipiki nzima ingali nyumbani.

Angalieni tofauti: upande mmoja kunakosa 110, upande mwingine kunabaki 150. Ni dola 260 kwa mwaka mmoja, na ile njia iliyoonekana ngumu siku ya kwanza ndiyo inalisha watoto. Kinga haikuguswa katika njia zote mbili, na ni vizuri hivyo: bei yake ni ndogo, haizibi tundu la nyumba, lakini kila mwezi inaleta kitu.

Sheria tunayoshika ni hii: uzisha chombo kinachobakisha kidogo kwa mwezi, hata kama bei yake haimalizi deni. Usiuzishe kile kinacholipa deni.

Deni la 150 tutalipa namna gani?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupatana na mwenye parseli alipwe kwa miezi mitatu, kwa maandiko. Ya pili ni mkopo katika AVEC yenu, kama mnaweza kuurudisha mbele ya siku ya kugawana. Faida ya AVEC itapunguza kidogo hesabu yetu, lakini haitaigeuza. Mkopo wa mtu wa soko anayeomba gunia mbili za mpunga kwa moja, huo hatuushauri hata kidogo.

Wakati hesabu inageuka

Kuna siku pikipiki nzima ndiyo inafaa kutoka. Kama dereva haleti feza miezi miwili mfululizo na hamna dereva mwingine. Kama haina karatasi na kila bariere inakula faida. Kama njia yenu haina usalama, na mnaogopa itanyanganywa. Hapo zile 50 za kila mwezi ni za kwenye buku tu, hazifiki nyumbani.

Mahali mnapokaa panabadilisha hesabu pia. Mutu wa Kasongo mjini anaweza kupata mbebaji siku yoyote. Mutu wa kijiji cha ndani huko Kabambare, mahali daraja ni miti miwili, hatapata. Wakati wa mvua, kinga inasukumwa na gunia juu yake, inapita mahali pikipiki inazama. Kwa jamaa ya namna ile, kinga ni ya mwisho kabisa kuuzishwa.

Mwezi gani wa kuuzisha

Mwezi wa Septemba masomo yanaanza, na wazazi wengi wanatafuta feza kwa haraka. Muuzishaji mwenye haraka ndiye anayepoteza. Ni vizuri kuuzisha kisha mavuno, wakati wanunuzi wako na feza mkononi, lakini kisha kubeba mazao yenu wenyewe kwanza. Wanaokaa karibu na Salamabila na Namoya, kwenye dhahabu, waulize bei huko pia mbele ya kukubali bei ya kwanza ya kijijini.

Kama nyumba inaomba matofali mengine, kumbukeni kwamba Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya jua. Tofali bichi halingoji mvua.

Kwanza parseli, kisha pikipiki

Msiuzishe chombo mbele ya kuhakikisha parseli. Feza ya pikipiki ikilala nyumbani, inapata kazi nyingine: kilio, minerval, mgonjwa. Mfuate hivi:

Tembeeni mipaka pamoja na shefu na majirani wa pande zote, mchana. Waulizeni kama kuna mtu mwingine anayedai.

Ombeni karatasi. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Mjini, karatasi yenye nguvu kuliko zote ni ile sertifika inayotolewa na konservatere wa ardhi. Karatasi ya shefu inasaidia kushuhudia, lakini si sertifika. Kama muuzishaji hana sertifika, bei ishuke, na ninyi muweke pembeni feza ya kutafuta karatasi.

Bibi na bwana wa upande wa muuzishaji watie sahihi wote wawili. Kanuni ya Familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaomba makubaliano ya bwana na bibi kwa kuuzisha nyumba ao parseli ya jamaa. Bibi akikataa kisha siku chache, mambo yanafika tribinali. Na kwenu pia, majina ya wote wawili yaandikwe.

Kisha hapo uzisheni chombo, na feza ifike kwa mwenye parseli katika juma lile lile, mbele ya mashahidi, na risiti.

Mwenye parseli akisema, «Nipe pikipiki yenyewe,» si vibaya. Lakini andikeni bei ya pikipiki na bei ya parseli, kila moja peke yake. Bila hivyo, siku injini ikikufa atarudi kudai udongo wake.

Na pikipiki inapotoka, itoke na karatasi zake, na jina libadilishwe. Ikigonga mtu kesho ingali na jina lako, watakuja kubisha kwako.

Na pikipiki ya koperative?

Hiyo si ya prezida wala ya kesye. Inauzishwa tu kwa uamuzi wa mkutano mkuu, ulioandikwa katika buku la koperative. Hakuna mwana-koperative anayeweza kuijengea nyumba yake.

Mbele ya mavuno yanayokuja, kila jamaa inayofikiri kununua nyumba ijaze maulizo yale manne na ije nayo kwenye mkutano wa koperative. Tutapiga hesabu pamoja, wazi, kila mtu na bei zake. Wasiojua kuandika waje na mtoto anayesoma. Hesabu yenyewe haichukui saa moja, na nyumba mutakaa ndani yake miaka mingi.