Usingizi wa Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande vya saa 2 hadi 4, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Akifikisha miezi 2 au 3, mwili wake huanza kutofautisha usiku na mchana. Kufikia miezi 6, wengi hulala saa 6 au zaidi mfululizo, ingawa kuamka kunyonya bado ni kawaida.

Karungu, kando ya Ziwa Victoria, malaria huwapo mwaka mzima. Mtoto hulazwa chali ndani ya chandarua chenye dawa, nacho huchomekwa tena chini ya godoro kila baada ya kumnyonyesha.