Nyundo ya Kuvunjia Miamba

Kule Nunguni, katika milima ya Kilungu, mkata barabara aweza kukutana na mwamba usiovunjwa na ndoo ya mashine ya kuchimbia. Hapo ndoo huondolewa, ikafungwa nyundo inayoendeshwa kwa mafuta ya mashine ile ile. Nyundo hutaka mafuta yasiyokatika, kwa kipimo cha mtengenezaji wake. Basi huongezwa bomba la kuyapeleka, na valvu ya kuzuia nguvu isizidi. Bomba la kuyarudisha ndilo hudharauliwa. Liwe pana, lipite chujioni na kuingia tangini. Likiwa jembamba, nyundo hulegea na mafuta hupata moto mno. Tena bomba livujalo lisipapaswe: uzi mwembamba wa mafuta hupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja, ijapokuwa jeraha ni dogo kama la mwiba.