Akwariumu kubwa nyumbani: sawazisha meza mbele ya kutia maji

Samaki wa ziwa Tanganyika wanapendwa na wafugaji wa samaki wa mapambo duniani pote. Huku kwetu pia kuna wakaaji wanaoweka akwariumu, ni kusema sanduku ya vioo ya kufugia samaki, ndani ya salo. Lakini samaki kama Cyphotilapia frontosa, yule mwenye nundu kwenye paji la uso na mistari myeusi ubavuni, akikomaa anapita sentimita 30. Huyo anahitaji lita 400 ao zaidi. Na hapo shida ya kwanza si chakula cha samaki. Ni uzito.

Tufanye hesabu. Akwariumu ya sentimita 150 kwa 50, yenye kimo cha sentimita 55, inabeba karibu lita 400. Lita moja ya maji ni kilo moja. Vioo vya milimita 12 vinaongeza karibu kilo 90. Ukitia mchanga na mawe, unapita kilo 500. Ni sawa na kupanga mifuko 10 ya simenti juu ya meza moja, mchana na usiku, kwa miaka.

Hatari iko wapi?

Wengi wanaogopa kuona maji yamepanda upande mmoja. Kweli si vizuri, lakini kinachovunja zaidi ni meza iliyojipinda: pembe tatu zinakaa, ya ine inabaki hewani. Kioo hakikubali kupindwa. Uzito wote unakusanyika fasi moja, silikoni inavutwa kidogo kidogo. Kinaweza kupasuka usiku wa kwanza, ao kisha miezi mingi. Wakati huo lita 400 zinamwagika ndani ya nyumba ambamo waya za umeme ziko chini na watoto wamelala.

Chagua fasi

Bukavu, nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko. Fundi anakata mlima, kisha udongo uliokatwa anaujaza upande wa bonde. Ule udongo wa kujaza unaweza kushuka na wakati. Kwa hiyo weka akwariumu upande wa mlima, juu ya simenti ngumu, karibu na ukuta. Kama nyumba ni ya mbao na sakafu yake ni mbao, lita 400 ni nyingi mno.

Namna ya kupima

Weka meza tupu fasi yake. Azima nivo kwa masoni. Kwanza uijaribu: ipime, kisha igeuze kichwa kwa mkia palepale. Kama tone la hewa halirudi fasi ileile, nivo hiyo inadanganya. Kama ni fupi, iweke juu ya ubao ulionyooka, ao tumia mpira mwangavu wenye maji kama wanavyofanya masoni. Pima urefu, upana, na kutoka pembe hadi pembe.

Kisha vuta nyuzi mbili juu ya meza, kila moja kutoka pembe hadi pembe inayoelekeana nayo, zipitane katikati. Zikigusana tu bila kusukumana, meza imenyooka. Badilisha: uzi wa chini uende juu. Ukiona nafasi katikati ya nyuzi, ao moja inainua ingine, meza imejipinda.

Kosa lolote litengenezwe chini ya miguu ya meza, kamwe si chini ya kioo. Tumia vipande vya chuma ao plastiki ngumu. Karatasi ngumu iliyokunjwa inaoza, mbao laini inavimba ikipata maji. Kwa meza ya chuma, suderi anaweza kuweka bulo za kupandisha na kushusha miguu, pamoja na sahani ya chuma chini ya kila mguu ili karo isipasuke.

Kama kioo cha chini kinakaa chenyewe juu ya meza, tandika frigoliti. Inameza punje za mchanga na vikosa vidogo. Haiondoe mteremko. Kama akwariumu ina fremu ya plastiki inayoinua kioo, usiweke frigoliti.

Maji kwa hatua

Tia maji robo, kisha simama. Kwenye kila pembe, pima kutoka ukingo wa juu hadi kwenye maji. Rudia kwenye nusu, halafu ngoja siku moja mbele ya kujaza. Tofauti ya milimita mbili ao tatu inavumilika. Ikipita hapo, ao ikiongezeka kila unapotia maji, toa maji na uanze upya. Usijaribu kuinua meza kwa jeki maji yakiwa ndani, hata kidogo: hapo ndipo vioo vingi vinapasuka.

Ardhi yetu inatikisika

Bukavu ilipata tetemeko la nguvu tarehe 3 Februari 2008. Goma ilitikisika siku nyingi kisha mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Ufunge meza kwenye ukuta, usijaze maji hadi ukingoni, waya za umeme zipite juu. Na kila ardhi ikitikisika, hata kama samaki wanaogelea vizuri, chukua tena nivo upime.