Ukikwama Hapa, Kocha Amefeli: Stori ya Coach John Mosley na Maboy wa ELAC

Machi 2020 unaikumbuka fiti. Ijumaa tarehe 13 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Corona Kenya, na ghafla kila mtu alikuwa anapigania sanitaiza kwa supermarket. Wiki hiyo hiyo, huko Los Angeles, Marekani, kulikuwa na mbogi ya chuo kimoja imecheza mechi 30 za basketi na kupoteza moja pekee. 29-1. California nzima zilikuwa zimebaki timu 8 za kupigania kombe, na wao walikuwa ndani. Kisha wakaambiwa mashindano yamefutwa. Hayakusongeshwa mbele. Yalifutwa.

Hiyo timu ni Huskies wa East Los Angeles College, wenyewe huiita ELAC, na iko Monterey Park. Kocha ni John Mosley. Kama ulicheki Last Chance U: Basketball kwa Netflix, unamjua. Ni ule msee wa kupiga nduru mpaka mishipa ya shingo inasimama, halafu dakika mbili baadaye amemkumbatia kijana huyo huyo wakilia pamoja. Kama hukuicheki hakuna noma, utaelewa tu. Kitu nataka kueleza ni kwa nini ile mechi haikuchezwa iliuma hivyo, na kwa nini kwa kocha wa chuo kama hiki, kombe ni nusu tu ya kazi.

Tuanze na chuo chenyewe. Hapa kwetu ukikosa C+ kwa KCSE, degree hauingii direct. Unaenda certificate ama diploma, unasota hapo, kisha unaunganisha. Marekani wana kitu kinafanana na hiyo: vyuo vya miaka miwili, junior college ama community college, na watu wa michezo husema tu JUCO. Mtu huingia huko ju alama zilikataa, ama doo hazikutosha, ama alikuwa chuo kikubwa mambo yakaharibika. Miaka miwili ikiisha anahamia chuo cha miaka minne. Kwa basketi hiyo inamaanisha NCAA, ile ligi ya vyuo ambayo ikifika Machi, Wamarekani hata kazini hawafanyi kazi.

Kuna watu wakubwa wamepitia hii njia. Dennis Rodman alipitia. Jimmy Butler alianzia Tyler Junior College huko Texas, akahamia Marquette, na 2011 akachukuliwa NBA nambari 30, wa mwisho kabisa kwa raundi ya kwanza. Lakini usidanganywe na hayo majina. Wengi wao NBA wataiona kwa TV kama mimi na wewe. Wanachotafuta ni chuo kimoja tu kiwalipie karo ya miaka miwili iliyobaki.

Sasa hapo ndio kazi ya Mosley inakuwa ya ajabu. Kocha wa kawaida akipata mchezaji mkali, anaomba Mungu asiende. JUCO unacheza misimu miwili, basi. Kila mwaka karibu nusu ya timu inaondoka, na lazima iondoke. Ni kama matatu: abiria akifika stage ya mwisho na bado amekaa tu kwa kiti, kuna kitu hakiko sawa. Kijana akikwama ELAC bila mahali pa kwenda, hata kama walishinda mechi zote, kocha amefeli.

Na anafanya hiyo kazi mikono ikiwa imefungwa. JUCO za majimbo mengine, zile zilizo juu chini ya NJCAA, zinaweza kumpa mchezaji scholarship. California hapana. Chama chao, CCCAA, hakiruhusu chuo kukulipia karo ju unajua kudunda. Mkaaji wa California analipa dola 46 kwa kila unit, na ndio ucheze lazima uwe umechukua angalau unit 12. Piga hesabu: dola 552 kwa semester, zaidi ya 70,000 za kwetu. Serikali husaidia familia ambazo hazijiwezi, tena hiyo pesa haurudishi kama HELB, lakini unaipata ju ya umaskini, si ju ya three-pointer. Keja na chakula ujipange. Ongeza hii: kocha haruhusiwi kumtafuta mchezaji wa nje ya eneo lake mpaka huyo mchezaji amtafute yeye kwanza. Kwa hivyo wanaoingia ELAC wengi ni vijana wa mtaa, ama watu wamefukuzwa na maisha mahali kwingine wakapiga simu wenyewe.

Chukua Joe Hampton. Huyu alikuwa jina kubwa akiwa high school, akasoma Oak Hill Academy, shule imetoa mastaa wa NBA kama Kevin Durant na Carmelo Anthony. Akaenda Penn State, chuo kikubwa kabisa. Goti likamchoma, mambo mengine yakafuata, na miaka michache baadaye yuko ELAC, hasira juu, anasubishwa kila akinuna. Yeye na Mosley walikuwa wanagongana mpaka unashika kichwa. Mimi nilikuwa upande wa Joe episode tatu nzima, nikihisi huyu kocha anamchomea kijana. Halafu nikashtuka kwamba kila Joe akilipuka, kocha alikuwa anamkalisha chini kisha anamrudia. Hakumwacha hata siku moja. Kwa maisha ya huyo kijana, watu wa kurudi walikuwa wachache.

Ama Deshaun Highler, point guard, kapteni. Mathe yake alifariki na bado alikuwa anakuja mazoezi, anabeba timu, anatafuta chuo. Ukimcheki uwanjani haungejua.

Sitasema nduru za Mosley ni sawa zote. Kuna mahali alivuka, na kuna mtu angemuita mbaya tu. Yeye ni mtu wa maombi sana, imani yake haifichi, na unaona akijuta hapo hapo mbele ya vijana, anaomba msamaha. Ni nadra kuona buda wa umri wake akiambia kijana wa miaka 20 pole.

Shida kubwa lakini haiko uwanjani, iko darasani. Ndio utoke JUCO ucheze Division I, ile ngazi ya juu ya NCAA, lazima alama zako ziwe wastani wa 2.5 kwenda juu. Scale yao ni 4.0, kwa hivyo 2.5 si miujiza, ila kwa mtu alifika hapo ju masomo yalimshinda, ni ukuta. Na si kila somo linahesabika ukihama. Unaweza kuwa unatupia pointi 25 kila usiku na kocha wa chuo kikubwa akupigie simu akuulize jambo moja tu: transcript inasemaje? Ukiwa na 2.3, simu inakatwa kwa upole.

Rudi sasa kwa ile Machi. Timu 8 za mwisho zikikutana, si kombe tu linashindaniwa. Makocha wa vyuo vikubwa wanakuja kukaa pale na vitabu vyao. Ni soko, na wewe ndio bidhaa. Kwa wale walikuwa mwaka wa pili hakukuwa na mwaka ujao. Ndio maana kwa ile episode ya mwisho unaona wanaume wazima wamejifunika jezi usoni.

Lakini cheki hesabu ile ingine. Joe Hampton alienda Long Beach State. Highler, Sacramento State. Malik Muhammad, Central Michigan. KJ Allen, yule mkali kuliko wote, akaishia Texas Tech. Kombe hawakubeba, na gari lilishusha abiria.

Siku hizi hiyo stage imeanza kujaa, na hii wengi hawajui. Tangu 2021 NCAA imeruhusu wachezaji kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mmoja, na mwaka huo huo wakaanza kulipwa kwa matangazo. Kocha wa chuo kikubwa sasa anajiuliza, mbona nichukue kijana wa JUCO sijamjaribu, na kuna msee wa miaka 22 amecheza Division I misimu mitatu na anataka kuhama? Nafasi za wasee wa Mosley zikabanwa. Upande wa pili, Desemba 2024 Diego Pavia wa Vanderbilt, huyu ni wa ile football yao ya helmeti, alienda kortini akisema miaka yake ya JUCO isihesabiwe, na jaji akamkubalia acheze mwaka mmoja zaidi. NCAA ikafungulia wengine wa aina yake msimu uliofuata. Hiyo vita haijaisha.

Kama umeanza kuota, jua wakimbiaji wetu wanaijua hii njia kitambo. Vyuo vya miaka miwili vya Texas vimebeba wengi kutoka Rift Valley, na vikawalipia. Lakini California, ukitoka nje, ile dola 46 si yako. Mgeni analipa mara kadhaa ya hiyo, na Mosley hata akikupenda aje, chuo hakiwezi kukulipia. Angalia chuo kiko chini ya chama gani kabla hujaangalia kocha.

Season ya pili ilitoka Desemba 2022. Unaifungua ukitarajia Joe na Deshaun, wapi. Sasa kuna jitu la futi 7, Bryan Penn-Johnson, limepitia Washington na LSU likajikuta Monterey Park. Sura nyingi ni mpya, na Mosley amesimama pale pale kando ya uwanja, sauti imekauka, anamwambia kijana hajamjua hata mwaka arudi aifanye tena.